Tuache kumsingizia Turing

Kila inapozuka hoja kwamba mwandishi wa programu anapaswa kuthibitisha kuwa programu yake itafika mwisho, hakosekani wa kujibu kwa mkato: Turing alishalimaliza hilo mwaka 1936, haiwezekani. Jibu lina ladha ya kisomi na linafunga mjadala haraka. Kwa maoni yangu limegeuka kichaka cha kujifichia, na aliyesingiziwa angelishangaa.

Alichothibitisha Alan Turing, mwanahisabati Mwingereza, ni hiki: hakuna programu moja inayoweza kupokea programu yoyote ile pamoja na data zake, kisha ikatamka, bila kukosea na bila yenyewe kukwama, kama programu hiyo itasimama au itazunguka milele. Sababu yake inaeleweka hata na asiyependa hesabu. Tuseme programu hiyo ya kuamua ipo, tuiite Hakimu. Naandika nyingine, Mkaidi, ambayo inamwuliza Hakimu kuhusu Mkaidi mwenyewe halafu inafanya kinyume: ikiambiwa itasimama, inazunguka, ikiambiwa haitasimama, inasimama papo hapo. Hakimu akitamka lolote amekosea, kwa hiyo Hakimu huyo hawezi kuwepo. (Kwa wapenda historia: Turing hakuliuliza swali kwa umbo hili. Mashine zake zilitakiwa kuchapa tarakimu bila kikomo, na iliyokwama njiani ndiyo iliyohesabiwa mbovu. Swali la kusimama lilipewa sura tunayoijua leo miaka ya baadaye.)

Sasa angalia hoja hiyo inaishia wapi. Haigusi kabisa programu uliyoandika jana. Mkaidi ametungwa makusudi ili amwangushe Hakimu. Programu ya kupanga majina kwa alfabeti haikutungwa hivyo, na wala ile ya kukokotoa kodi. Kukosekana kwa njia moja ya kuamulia programu zote hakumzuii mtu kuthibitisha hii, na ile, na ile nyingine, kila moja kwa hoja yake. Anayetumia matokeo ya 1936 kukwepa swali kuhusu kitanzi, yaani kipande cha programu kinachorudiwa tena na tena, cha mistari sita alichokiandika mwenyewe anajificha nyuma ya jina kubwa.

Na mwenye jina ndiye aliyetuonyesha njia mapema. Juni 1949, katika mkutano uliofanyika Cambridge wakati kompyuta ya EDSAC ndiyo kwanza imeanza kazi, Turing aliwasilisha karatasi fupi kuhusu namna ya kukagua programu ndefu. Mfano wake ulikuwa kutafuta faktoria ya namba n (zao la namba zote kuanzia 1 hadi n) kwenye mashine isiyo na amri ya kuzidisha, kwa kujumlisha tu, kitanzi ndani ya kitanzi. Baada ya kushughulikia usahihi wa jibu, alitaka mkaguzi ahakikishe pia kwamba kazi itafika mwisho. Na mzigo wa kumsaidia mkaguzi aliuweka kwa mwandishi wa programu: ataje kiasi fulani kinachopungua mfululizo na kuisha mashine inaposimama.

Kipimo alichokitaja yeye ni 2⁸⁰(n − r) + 2⁴⁰(r − s) + k. Kwa macho kinatisha, kwa maana ni chepesi. Herufi r ni kihesabio cha kitanzi cha nje, kinachopanda kuelekea n. Herufi s ni cha kitanzi cha ndani, kinachopanda kuelekea r. Na k inaeleza tumefika kisanduku kipi kwenye mchoro wa programu. Zile namba kubwa zimewekwa ili hatua moja ya kitanzi cha nje iwe nzito kuliko chochote kinachoweza kuongezeka ndani. Kitanzi cha ndani kikianza upya, (r − s) inaruka juu tena, lakini (n − r) imeshapungua kwa moja, hivyo jumla nzima imeshuka. Mwanahisabati, alieleza, angetumia odinali, zile namba za Cantor zinazovuka ukomo. Hii ya 2⁸⁰ ni njia ile ile bila madoido.

Karatasi ile ilisahaulika. Mwaka 1967 Robert Floyd aliliweka wazo hilo hilo kwa ujumla wake: tafuta kipimo chenye thamani katika seti ambayo ndani yake huwezi kushuka bila mwisho, onyesha kila mzunguko unakishusha, umemaliza. Tangu hapo karibu kila mbinu ya kuthibitisha usimamaji ni mtoto au mjukuu wa wazo hilo.

Lijaribu kwa mbinu ya Euclid ya kutafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika, ile tunayofundishwa shuleni. Chukua 252 na 105. Gawanya, baki ni 42. Gawanya 105 kwa 42, baki 21. Gawanya 42 kwa 21, baki sifuri, jibu ni 21. Kipimo ni baki lenyewe: 42, 21, 0. Baki daima ni dogo kuliko kigawanyo, na kigawanyo cha zamu hii ndicho baki la zamu iliyopita, kwa hiyo baki halina budi kushuka kila mara. Namba nzima zisizo hasi zikishuka zina sakafu. Uthibitisho umekwisha, na umeshughulikia kila jozi ya namba iliyopo, zikiwemo zile ambazo hakuna mtu atakayewahi kuziingiza kwenye kompyuta. Majaribio elfu kumi hayawezi kukupa hilo.

Ile sakafu ndiyo siri yote. Ukitumia namba za desimali kama kipimo, imeondoka: nusu, robo, thumni, unaweza kushuka milele bila kugusa sifuri. Kompyuta nazo zina vituko vyao hapa. Andika kitanzi kinachoanza na x ikiwa 0, kinaongeza 0.1 kila zamu, na kinaendelea maadamu x si sawa na 1. Mtu anatarajia zamu kumi. Lakini 0.1 haina umbo kamili katika mfumo wa namba mbili, na baada ya kujumlisha mara kumi kwa usahihi wa kawaida wa biti 64 kompyuta inakuwa na 0.9999999999999999. Hiyo si 1. Zamu inayofuata inairuka 1 na kwenda zake. Aliyeandika angejiuliza ni kiasi gani kinachoshuka kuelekea sakafu, angejikuta hana cha kujibu, na angeandika kihesabio cha namba nzima.

Kuna kisa kimoja ninachokipenda kwa sababu kinaonyesha gharama ya kutouliza. Tarehe 31 Desemba 2008, vichezeshi vya muziki vya Microsoft vya aina ya Zune 30 viliganda kwa wakati mmoja kila mahali. Chanzo kilikuwa draiva ya saa, sehemu inayogeuza idadi ya siku tangu mwaka 1980 kuwa mwaka na tarehe. Kitanzi chake kilikwenda hivi: maadamu siku ni zaidi ya 365, angalia mwaka. Kama si mwaka mrefu, toa siku 365 na songa mwaka mmoja mbele. Kama ni mwaka mrefu, na siku ni zaidi ya 366, toa 366 na songa mwaka mmoja mbele.

Soma tena sentensi ya mwisho. Mwaka 2008 ulikuwa mrefu, na 31 Desemba ilikuwa siku yake ya 366. Je, 366 ni zaidi ya 365? Ndiyo, ingia. Mwaka ni mrefu? Ndiyo. Siku ni zaidi ya 366? Hapana. Basi usifanye kitu, rudi juu. Je, 366 ni zaidi ya 365? Ndiyo, ingia. Ushauri uliotolewa kwa wenye vifaa ulikuwa kuacha betri iishe na kusubiri hadi Januari 1 saa sita mchana kwa saa za Greenwich, kwa maana kesho yake hesabu ingekuwa siku 367 na kitanzi kingepita bila shida.

Nani angekamata hilo kwa kujaribu? Ungelazimika kujaribu siku moja katika takriban 1,461. Lakini anayetafuta kipimo analikamata akiwa amekaa kitini: kipimo cha wazi ni idadi ya siku, na kazi yako ni kupitia kila njia ndani ya kitanzi ukiuliza kama siku zimepungua. Njia zipo tatu. Mbili zinapunguza. Ya tatu haigusi kitu. Dakika tano, kalamu na karatasi.

Hapo huja pingamizi la pili, lenye uzito zaidi kuliko lile la Turing: mifano hii ni midogo, na programu za kweli zina mistari mamia ya maelfu. Ni kweli. Lakini kuanzia miaka ya 2000 kazi hii ilianza kufanywa na mashine. Mwaka 2006 Byron Cook, Andreas Podelski na Andrey Rybalchenko walieleza Terminator, chombo cha Microsoft Research kilichotafuta chenyewe uthibitisho wa usimamaji wa draiva za Windows, msimbo halisi wenye vitanzi ndani ya vitanzi.

Ujanja wake mkuu unastahili maelezo, maana unakwenda kinyume na tunavyodhani. Kupata kipimo kimoja kinachoshuka daima katika programu kubwa ni kazi ngumu. Vidogo vidogo ni rahisi kuvipata. Tuseme unavyo viwili. Haitoshi kwamba kila zamu moja inashusha kimojawapo, kwa sababu leo cha kwanza kinaweza kushuka huku cha pili kikipanda, kesho ikawa kinyume chake, na mchezo ukaendelea milele. Lakini ukiweza kuonyesha kwamba kati ya zamu yoyote na zamu yoyote inayoifuata, iwe ya jirani au ya mbali, angalau kimoja kati ya vipimo vyako kimeshuka, basi programu inasimama. Dhamana inatoka kwenye nadharia ya Frank Ramsey iliyochapishwa mwaka 1930, enzi ambazo hapakuwa na kompyuta ya kuganda.

Chombo cha namna hii kinaweza kujibu ndiyo, kinaweza kujibu hapana na kukuonyesha data zinazoikwamisha programu, na kinaweza kushindwa. Matokeo ya 1936 yanaishi katika jibu hilo la tatu tu. Fundi anayekubali kusema sijui mara moja moja anaruhusiwa kabisa kuwepo.

Sitaki kujifanya kwamba ukomo wenyewe uko mbali. Upo karibu, tena kwenye programu fupi za kuaibisha. Chukua namba yoyote nzima chanya. Ikiwa shufwa, igawe kwa mbili. Ikiwa witiri, izidishe kwa tatu uongeze moja. Rudia mpaka ufike 1. Anza na 27: inapanda mpaka 9,232 na kufika 1 baada ya hatua 111. Lothar Collatz anatajwa kuanzisha swali hili mwaka 1937, kompyuta zimejaribu kila namba hadi kupita 2⁶⁸, mwaka 2019 Terence Tao alithibitisha jambo lenye nguvu kuhusu karibu namba zote, na bado hakuna aliyetoa kipimo kinachoshuka kwa zote. Mistari minne ya msimbo.

Kuna pia zile zinazosimama kwa hakika, ila kipimo chake hakiingii kwenye namba za kawaida. Mfuatano wa Goodstein unaanza kwa kuandika namba kwa nguvu za 2, kisha kila 2 inageuzwa 3 na unatoa moja, halafu kila 3 inageuzwa 4 na unatoa moja, na kuendelea. Ukianza na 4, ambayo ni 2², unapata 3³ toa moja, yaani 26, kisha 41, 60, 83, 109. Kila dalili inasema itapaa milele. Mwaka 1944 Reuben Goodstein alithibitisha kwamba kila mfuatano wa aina hii, uanzie popote, hatimaye unafika sifuri, akitumia odinali zile zile ambazo Turing alizitaja miaka mitano baadaye. Kwa kuanzia na 4 idadi ya hatua ni namba yenye tarakimu zaidi ya milioni 121. Na mwaka 1982 Laurence Kirby na Jeff Paris walionyesha kwamba aksiomu za Peano, msingi wa kawaida wa hesabu za namba nzima, hazitoshi kuthibitisha ukweli huo.

Nakiri mfano huo unanipa raha kuliko manufaa. Hakuna anayeandika Goodstein kazini. Ninachokiona kazini ni vitanzi vya kusoma faili, kujaribu tena ombi lililoshindwa, kupita kwenye orodha inayobadilishwa huku ikisomwa. Katika hivyo, mwandishi asipoweza kutaja kinachoshuka, mara nyingi hakuna kinachoshuka.

Hata kwenye ukingo wenyewe, watu wamesogea. Mwaka 1962 Tibor Radó aliuliza: kati ya mashine ndogo za Turing, yaani kompyuta sahili za kufikirika, zenye idadi fulani ya hali za ndani, ipi inakwenda hatua nyingi zaidi kisha inasimama? Kwa hali tano, Heiner Marxen na Jürgen Buntrock walipata mwaka 1989 mashine inayosimama baada ya hatua 47,176,870. Kuthibitisha kwamba hakuna inayoizidi kulidai kuonyesha kwamba mashine zote zilizobaki ama zinasimama mapema ama hazisimami kamwe, kundi kwa kundi, kila kundi na hoja yake. Mwaka 2024 jumuiya ya watu waliokuwa wakishirikiana mtandaoni ilimaliza kazi hiyo, na uthibitisho mzima ukakaguliwa na programu ya Coq. Kwa hali sita, wamekutana na mashine waliyoipa jina Antihydra, yenye tabia inayofanana na swali la Collatz, na hapo wamesimama.

Coq yenyewe inanipa hoja dhidi ya wanaosema madai haya ni ya kinadharia. Haikubali funksheni inayojiita yenyewe mpaka ihakikishwe kwamba kila mwito unakwenda kwenye kitu kidogo zaidi, na haifanyi hivyo kwa ukali wa bure. Iruhusu f(x) = f(x) + 1, funksheni isiyosimama, uichukulie kama mlinganyo, toa f(x) pande zote mbili: umethibitisha kwamba 0 = 1, na kuanzia hapo unaweza kuthibitisha lolote.

Nje ya vyombo vya hesabu, wengi wamechagua njia nyingine: kata. Ethereum, mtandao wa sarafu ya kidijitali unaoendesha pia programu za watumiaji, tangu ilipoanza 2015, inatoza kila amri kiasi cha kile kinachoitwa gesi, na gesi ikiisha kazi inakatwa. Kiini cha Linux kilikataa kabisa vitanzi katika programu za eBPF, zile ndogo zinazoendeshwa ndani ya kiini chenyewe, kisha toleo 5.3 la mwaka 2019 likaviruhusu iwapo mkaguzi ataona vina kikomo. Njia hizi mbili zinafanana kwa juu juu tu. Linux inakataa kabla programu haijaanza. Aliyepita ukaguzi anajua atamaliza. Gesi inakata katikati, na programu iliyokatwa haikufanya kazi yake, imezuiwa tu isiwasumbue wengine. Kikomo cha muda kwenye seva ni hivyo hivyo. Kiweke, ni busara, lakini usikiite uthibitisho. Ni bima.

Na uthibitisho nao usipewe sifa usizostahili. Fikiria kitanzi chenye x na y, namba nzima zisizoruhusiwa kushuka chini ya sifuri: kila zamu ama y inapungua kwa moja, ama x inapungua kwa moja na y inapewa thamani yoyote. Kinasimama, kwa hoja ile ile ya Turing ya kitanzi ndani ya kitanzi, ila hakuna awezaye kukuambia mapema baada ya hatua ngapi. Tarehe 2 Julai 2019 mtandao wa Cloudflare, kampuni inayohudumia tovuti nyingi, ulianguka kwa takriban dakika 27 kwa sababu ya kanuni moja ya kutafuta ruwaza katika maandishi, iliyokuwa ikirudi nyuma kujaribu upya mara nyingi mno. Utafutaji ule ungefika mwisho. Vichakataji vya seva vilikuwa vimeshajaa kabla haujafika. Ndiyo maana kipimo kinachotoa idadi ya hatua kina thamani kuliko kile kinachosema tu zitakwisha. Kwenye Euclid unaweza kwenda mbele na kuonyesha kwamba kila zamu mbili baki linapungua angalau kwa nusu, na hapo una kikomo cha kweli mkononi.

Seva, bila shaka, haitakiwi kusimama. Wala mfumo endeshi. Wengine hulitaja hili kama kwamba linaua hoja nzima. Seva ni kitanzi kimoja cha nje kisicho na mwisho kwa makusudi, na ndani yake kila ombi linatakiwa limalizike. Swali limehamia ndani, halijafutika.

Lugha ya Dafny, iliyozaliwa Microsoft Research kwa mikono ya Rustan Leino, imelimaliza suala hili kwa namna ninayotamani ienee. Kila kitanzi na kila funksheni inayojiita ina kipimo, ama kimekisiwa na lugha yenyewe ama kimeandikwa na mwandishi, na kikaguzi kinahakiki kwamba kinashuka. Ukiwa na sababu ya kuacha kitanzi kiende bila dhamana, unaruhusiwa: mahali pa kipimo unaweka nyota. Lakini njia (method, kipande cha msimbo chenye jina) yenye nyota haiwezi kuitwa na njia isiyo na nyota, kwa hiyo anayekuita naye analazimika kuiweka, na anayemwita yeye pia, mpaka juu kabisa, na yeyote atakayefungua msimbo ataziona.